Kipande, Kompyuta na Jina la Mtu

Msomaji, kabla hujaendelea, itazame ncha ya kidole gumba chako. Utaona mistari myembamba iliyojikunja mfano wa alama ambazo maji huziacha mchangani bahari inapokupwa. Ulizaliwa nayo, wala hata pacha wako, ukiwa naye, hana mistari iliyo sawasawa na hiyo. Siku utakapotimiza miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, karani hatakuuliza kama u mwema au mwovu, wala kama wajua kulima au kuimba. Atakishika kidole hicho, atachukua alama yake, na tangu saa ile mistari uliyopewa na Mola itakuwa na maana ambayo hukuipa wewe. Itafungamanishwa na namba; namba itafungamanishwa na jina; na vyote vitatu vitaingia katika kompyuta ambayo yamkini hutaiona maisha yako yote.

Jambo hili huonekana dogo kwa sababu limezoeleka. Lakini lina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilitendeka hapa petu Kenya, kwa machozi na kwa damu. Wengi hudhani kwamba habari ya kompyuta na intaneti ilianza juzi, pamoja na simu za mkononi. Mimi naona ilianza zamani zaidi. Ilianza siku serikali ilipotaka kumjua mtu bila ya kumwuliza jirani yake.

Zamani mtu alijulikana kwa watu. Mgeni alipobisha hodi aliulizwa ni mwana wa nani, wa ukoo upi, ametoka kijiji gani, na majibu yake yalipimwa na wazee waliowajua wazee wa kwao. Ushahidi wa jina lake ulikuwa vinywani mwa wenziwe. Nisije nikakudanganya kwamba desturi hiyo ilikuwa asali tupu. Mtumwa aliyetekwa mbali, mjane aliyefukuzwa kwa mumewe, na kila aliyekuwa hana wa kumshuhudia, walipata taabu kubwa, maana mtu asiye na watu alikuwa kama hana jina. Lakini aliyekosewa jina lake alijua wa kumwendea. Aliyemkosea alikuwa mtu mwenye uso, na uso huweza kuona haya.

Alama za vidole ziliingia katika kazi za serikali kwa mlango wa Bara Hindi. Mwaka 1858, katika jimbo la Bengal, ofisa mmoja wa Kiingereza aitwaye William Herschel alimtaka mwenye kandarasi aweke alama ya kiganja chake juu ya mkataba, ili asije akaukana. Akaona jambo hilo lina faida, akaendelea nalo. Mwaka 1892 Francis Galton alichapisha kitabu cha kueleza kwamba mistari ya vidole haibadiliki toka utotoni hata uzeeni. Likabaki swali moja gumu: ukiwa na alama za watu elfu mia, utaipataje ya mtu mmoja? Jibu likatoka tena Bengal, katika ofisi ya mkuu wa polisi Edward Henry. Hesabu iliyowezesha alama kupangwa na kutafutwa ilikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya wasaidizi wake wawili wa Kihindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, ila njia yenyewe ikaitwa kwa jina la mkubwa wao. Mwaka 1901 Henry aliipeleka njia hiyo London, kwa polisi wa Scotland Yard. Basi chombo kilichotengenezwa ili kuwatawala watu wa koloni moja kikawa tayari kusafirishwa hata koloni nyingine.

Kwetu kilifika kwa jina la kipande. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915, ikacheleweshwa na Vita Kuu, ikaanza kutumika kwa nguvu mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa na cheti chenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, jina la bwana aliyemwajiri, mshahara aliopewa, siku aliyoanza kazi na siku aliyoiacha. Cheti kiliwekwa ndani ya kijaluba cha chuma, kikafungwa uzi, kikavaliwa shingoni. Wazee wetu walikifananisha na kengele afungwayo mbuzi ili asipotee. Kukitembea bila ya kipande kulikuwa kosa la kutozwa faini au kufungwa. Kufikia mwaka 1931 vipande zaidi ya milioni moja vilikuwa vimetolewa.

Lakini uzito wa kipande haukuwa shingoni. Ulikuwa Nairobi, katika ofisi iliyoweka nakala za alama zile. Kibarua aliyetoroka shamba la Naivasha, akabadili jina lake na kuomba kazi Nakuru, aliweza kukamatwa kwa vidole vyake mwenyewe. Na bwana aliyemkasirikia mtumishi wake hakuhitaji kumpiga: alikataa tu kutia sahihi kwamba kazi imekwisha, na mtu yule asiweze kuajiriwa mahali pengine kwa halali. Fikiri sana juu ya jambo hilo. Mtu anasimama mbele ya bwana mpya, ana mikono, ana nguvu, ana ulimi wa kujieleza. Lakini kinachosikilizwa ni karatasi. Karatasi ikinyamaza, naye ni bubu. Kumbukumbu iwekwayo mbali na mtu, itafutwayo kwa alama ya mwili wake, na iaminiwayo kuliko maneno yake: hayo ndiyo mambo ambayo kompyuta ilikuja kuyafanya baadaye kwa haraka zaidi. Hayakuanza nayo.

Aliyesimama kupigana na kipande kwa sauti kuu alikuwa Harry Thuku, na inapendeza kujua kazi aliyokuwa akiifanya. Alikuwa karani wa simu katika Hazina ya serikali mjini Nairobi. Kutwa aliunganisha nyaya za mazungumzo ya wakubwa. Mwaka 1921 yeye na wenzake walianzisha chama cha vijana wa Kikuyu, kisha kikafuata Chama cha Afrika Mashariki ambacho hakikuchagua kabila, wakapeleka malalamiko yao moja kwa moja London kwa simu ya maandishi bila ya kupita kwa maofisa wa hapa. Waya wa baharini ulikuwa umefika Zanzibar mwaka 1879, na kutoka Zanzibar ukafika Mombasa mwaka 1890. Uliwekwa kwa ajili ya biashara na utawala, nao vijana wale wakaupandisha kilio chao. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi mwaka 1922. Siku mbili baadaye watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi wakitaka afunguliwe. Mary Muthoni Nyanjiru akawashutumu wanaume kwa woga wao, umati ukasonga mbele, na bunduki zikalia. Serikali ilihesabu waliokufa 21. Wengine walisema walizidi sana. Nyanjiru alikuwa miongoni mwao. Thuku alihamishiwa Kismayu.

Sheria ya kuwaandikisha watu wa rangi zote ilitungwa mwaka 1947. Hapo ndipo walowezi wa Kizungu walipogundua kwamba kuchukuliwa alama za vidole ni fedheha! Walipiga kelele hata ikatafutwa njia ya kuwaepusha: awezaye kuandika Kiingereza akaruhusiwa kutoa picha na sahihi yake badala ya vidole. Baada ya uhuru kazi ya uandikishaji iliendelea. Wanawake walianza kuandikishwa kwa sheria ya mwaka 1978, umri ukapandishwa kutoka miaka 16 hata 18 mwaka 1980, na mwaka 1995 kikaja kitambulisho kidogo ambacho wazazi wako wamekichukua mifukoni. Yafaa uwaulize nyanya zako waliishije zamani bila ya cheti chochote chenye jina lao wenyewe. Majibu yao yatakufundisha kuliko kurasa hizi.

Sasa natoka Kenya kwa kitambo kifupi. Nchini Marekani, katika hesabu ya watu ya mwaka 1890, walitumia mashine iliyobuniwa na Herman Hollerith. Habari za kila mtu zilitobolewa kwa matundu katika kadi: tundu hapa kama ni mwanamume, tundu pale kama ameoa, tundu kule kwa rangi yake na mahali alipozaliwa. Sindano zilipita penye matundu, umeme ukawaka, mshale wa hesabu ukasogea. Kampuni ya Hollerith iliungana na nyingine mwaka 1911, na mwaka 1924 ikapewa jina la IBM, jina ambalo kwa miaka mingi lilikuwa kama jina la pili la kompyuta. Angalia basi chombo hiki, ambacho wengine wetu hukiita tarakilishi, kilivyokua kutokana na haja ya kuwahesabu watu na kuwapanga. Na neno la kukumbuka ni lile tundu. Mashine haijui kusitasita. Kwake mtu yumo au hayumo. Mwenye mama Mtaita na baba Mgiriama, aliyelelewa Lamu, hana pa kutobolewa ila achague upande mmoja.

Intaneti, kwa upande wake, ilianza mwaka 1969 huko California, kompyuta mbili za vyuo vya utafiti zilipopelekeana herufi kwa waya. Herufi mbili zilifika, na mtambo ukazimika. Kenya tuliungwa nayo kwa ukamilifu katikati ya miaka ya 1990, kwa njia ya setilaiti, kwa gharama kubwa na kwa mwendo wa kobe. Mwaka 2009 waya mpya wa baharini ulifika Mombasa kutoka Fujairah katika Ghuba, urefu wa kilomita 5,000 hivi. Mzee wa Mombasa aliyekumbuka majahazi ya kaskazi angeweza kusema kwamba njia ni ile ile, mizigo ndiyo iliyobadilika. Badala ya tende na mazulia, zilikuja picha, barua, nyimbo, na uvumi.

Lakini kwetu mlango mkubwa haukuwa kompyuta ya mezani; ulikuwa simu ya mkononi. Mwezi wa Machi mwaka 2007 M-Pesa ilianza, na mtu akaweza kutuma fedha kutoka Nairobi hata Siaya kwa kubonyeza vitufe. Sina haja ya kukusifia jambo unalolitumia kila siku. Nataka uone kitu kingine tu: ili kujiandikisha ilihitajika namba ya kitambulisho. Baadaye laini zote za simu zikatakiwa kuandikishwa vivyo hivyo. Kwa hiyo cheti ambacho zamani kilitolewa kwa askari na kwa karani wa uchaguzi, sasa kikawa ufunguo wa mkoba, wa duka, wa karo ya shule na wa mazishi. Asiye nacho hakukosa kura peke yake. Alikosa kununua na kuuza kama wenziwe, akabaki kumwomba ndugu amtumie jina lake.

Na wako wasio nacho. Hapa, msomaji, naomba usiende mbio.

Mwaka 1991 Wasomali waliokimbia vita walianza kupokewa katika kambi za Dadaab, upande wa Garissa. Walipewa chakula, matibabu na elimu. Kaskazini Mashariki ni nchi ya ukame, na Wakenya wengi wa huko, wenye lugha moja na dini moja na wakimbizi, waliona majirani zao wageni wakila hali wao wenyewe wana njaa. Baadhi yao walijiandikisha kambini kama wakimbizi, au waliandikishwa na wazazi wao wangali watoto. Wakapata unga na mafuta. Ukame ukaisha, wakarudi makwao. Vidole vyao vikabaki katika kompyuta. Miaka ikapita. Mtoto aliyebebwa mgongoni siku ile akatimiza miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho cha nchi ya babu yake. Karani akaweka kidole chake, na mashine ikajibu kwamba huyu ni mkimbizi. Maelfu ya Wakenya walipatwa na mkasa huo. Wengi walikaa miaka bila ya kuweza kusajili laini ya simu, kufungua akaunti benki, kuingia chuo, wala kusafiri kupita vizuizi vya barabarani bila ya hofu.

Mama yake yupo, na kitambulisho chake mkononi. Chifu amjua. Walimu wake wamjua, na kaburi la babu yake laonekana kwa macho. Ushahidi wote ambao wazee wa kale wangeuridhia upo, na hautoshi, kwa sababu vidole vimekwisha kusema. Nami sisemi kwamba kompyuta ilidanganya. Ilisema kweli: kidole hiki kiliwahi kuandikwa kambini. Ni sisi tulioichukua kweli hiyo ndogo tukaifanya kuwa habari yote ya mtu. Kompyuta haikuuliza ilikuwa mwaka gani wa njaa.

Wengine walizuiliwa kwa njia nyingine. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji zamani za ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Pwani, wakazaa, watoto wao wakazaa, na bado hawakuhesabiwa kuwa raia. Katika orodha ya makabila hapakuwa na nafasi ya jina lao. Mwezi wa Oktoba mwaka 2016 waliondoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais, na mwaka uliofuata wakapewa vitambulisho, wakaitwa kabila la 43 la Kenya. Hebu fikiri: watu watembee mamia ya kilomita ili waongezewe mstari mmoja katika daftari! Wanubi, ambao babu zao walikuja kama askari wa mfalme wa Uingereza na kupewa makao Kibera, walikuwa Kenya kabla ya kipande chenyewe. Hata hivyo, kwa miaka mingi vijana wao walipelekwa mbele ya kamati za kuwachunguza, wakitakiwa kuleta vyeti vya mababu, jambo ambalo kijana wa Nyeri au Kisii hakuulizwa.

Kwa hiyo haishangazi kwamba, serikali ilipoanza mpango wa Huduma Namba mwaka 2019, Wanubi walikuwa mstari wa mbele kwenda mahakamani. Mpango ule ulitaka kumpa kila mkazi namba moja ya kuunganisha habari zake zote. Watu zaidi ya milioni 36 waliandikishwa kwa muda wa miezi miwili. Wanubi na watetezi wenzao waliuliza: asiye na cheti cha kwanza atapataje cha pili? Na nani atazilinda habari hizo? Mwezi wa Januari mwaka 2020 Mahakama Kuu ilikataza kukusanya habari za vinasaba na za mahali mtu akaapo, ikaagiza mpango usiendelee mpaka ziwepo kanuni za kutosha. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021 mahakama hiyo ikaamua tena kwamba kadi za mpango huo zilitolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa hatari zake kwa siri za watu hazikupimwa kwanza. Sheria yenyewe ilikuwa ile ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo yampa kila mtu haki ya kujua ni habari gani zake zimewekwa, na kutaka zirekebishwe zikiwa na kosa. Mwaka 2023 ulikuja mpango mwingine, Maisha Namba, nao haukukosa kesi.

Yote niliyoyasema hata hapa ni habari ya mtu kuandikwa na wengine. Lakini intaneti ina upande wa pili, ambao wewe waujua kuliko mimi: humo mtu hujiandika mwenyewe. Huchagua jina, picha, na wenziwe. Mwezi wa Januari mwaka 2008, damu ilipokuwa ikimwagika baada ya uchaguzi, Wakenya wachache walitengeneza ramani katika mtandao, wakaiita Ushahidi, ili yeyote mwenye simu aandike alichokiona na mahali alipokiona. Katika siku zizo hizo simu nyingine zilikuwa zikipeleka maneno ya kuwachochea watu kwa makabila yao. Chombo kilikuwa kimoja.

Na mwezi wa Juni mwaka 2024 vijana walioujadili Mswada wa Fedha katika mitandao waliingia barabarani, Nairobi, Mombasa, Kisumu, Eldoret na miji mingine mingi. Walikuwa wameutafsiri mswada kwa lugha za nyumbani, wakaufafanua kwa video fupi, na wakajitangaza kuwa hawana kiongozi, hawana chama, hawana kabila. Neno la mwisho ndilo lililonisimamisha. Kabila lilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kuandikwa katika kipande, na kwa miaka mia hapakuwa na daftari lililoacha kuliuliza. Sasa vijana, waliojuana wengi wao kwa majina ya mtandaoni, wakalikataa mbele ya watu wote. Tarehe 25 Juni umati uliingia Bungeni. Polisi walifyatua risasi, watu wakafa, na siku ile ile mtandao ulikatikakatika. Kesho yake Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule.

Katika wiki zilizofuata baadhi ya vijana hao walitekwa na watu waliojificha nyuso. Wenzao walianza kuzima simu zao, au kuziacha nyumbani walipotoka, wakiogopa kwamba laini ile iliyosajiliwa kwa kitambulisho, kwa namba, kwa kidole, itaonyesha walipo. Walijuana kwa majina waliyojipa, na walihofu kutafutwa kwa jina waliloandikwa. Kijana mwenye kijaluba shingoni mwaka 1920 hangekuwa na njia ya kukiacha nyumbani.